Mawazo Yakizidi: Mwongozo Kamili wa Kutunza na Kuimarisha Afya ya Akili Siku kwa Siku

Mtu akikwambia "nina mawazo", bado hujajua ana nini. Huenda anadaiwa kodi. Huenda amefiwa. Huenda hajalala siku tatu kwa ajili ya mtoto mchanga, au yeye na nduguye hawasemeshani tangu Idi iliyopita. Neno ni moja, nasi tumelifanya gunia: kila kinachotusumbua tunakitupia humo, tunafunga kamba, tunajitwika.

Mwaka niliomuuguza mama baada ya kiharusi nilikuwa na gunia la namna hiyo. Kila aliyekuja kumjulia hali aliniambia "mwanangu, usiwaze sana", na kila nilipojaribu kutowaza niliwaza zaidi. Aliyenisaidia ni muuguzi mmoja wa zahanati. Aliniuliza: "Unawaza nini hasa? Nitajie kimoja kimoja." Nikataja vitu saba. Vitatu vilikuwa na la kufanya wiki ileile. Kimoja kilikuwa njaa tu. Nilikuwa nasahau kula mchana.

Baadaye nilijua kwamba swali lile lina historia. Washona wa Zimbabwe huita hali hii *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Daktari wa akili Dixon Chibanda alipoanzisha huduma yake mtaa wa Mbare jijini Harare mwaka 2006, madaktari wa fani yake walikuwa wachache mno, akawafundisha bibi wa mtaani. Bibi anakaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki, anamsaidia kutaja matatizo yake, kuchagua moja na kupanga la kufanya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya vikao 5 yanayofuata njia inayokaribiana na hiyo, yakitolewa na watu wasio wataalamu wa akili. Yalijaribiwa pia Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, nao wakapata nafuu.

Kwa hiyo haya ninayoyaandika yanaweza kufanywa na mtu wa kawaida, kwenye chumba cha kupanga, bila fedha nyingi.

Hatua ya 1: Fungua gunia, kipe kila kitu jina lake

Chukua daftari. Andika juu: "Leo nina nini?" Kisha orodhesha bila kupanga. Ukimaliza, soma kila mstari na ujiulize uko katika fungu gani kati ya haya manne.

Fungu la kwanza ni la mwili: njaa, uchovu, usingizi, maumivu, siku za hedhi, joto. Hili huwa kubwa kuliko tunavyokiri. La pili ni matatizo yenye la kufanya, kama ada, kodi au ugomvi unaoweza kusuluhishwa. La tatu ni hofu ambazo leo huna la kuzifanya: "mama akipata kiharusi tena?", "wakipunguza watu kazini?" La nne ni ya jana: majuto, kinyongo, uchungu wa kufiwa.

Kila fungu lina dawa yake, na tunakosea tunapozichanganya. Mtu mwenye njaa anajilaumu kwa maisha yake yote saa 9 alasiri, kumbe angekula viazi viwili angeona tofauti. Mwenye kodi ya kulipa anaomba dua usiku kucha, na dua ni njema, lakini asubuhi hamwendei mwenye nyumba kuzungumza.

Hapo usitosheke na "nina hasira" au "nina huzuni". Lugha yetu ni tajiri na tumeiacha kabatini. Hasira ya ghafla inayopanda na kushuka ni hamaki. Inayokaa miezi ni kinyongo. Ukiaibishwa mbele za watu, mwenye duka akakutajia deni lako wateja wakisikia, unachokisikia ni fedheha, ingawa mdomo utasema hasira. Kuna wasiwasi, na kuna wahka, ule wa kutotulia, unasimama unakaa huku unasubiri simu. Upweke ni kukosa watu. Ukiwa ni kukosa mtu fulani hata nyumba ikijaa wageni. Kihoro ni cha aliyepotelewa, na simanzi ni huzuni iliyozama.

Nalisisitiza kwa sababu jina linaamua unachofanya. Hamaki inataka uondoke pale dakika kumi. Kinyongo kinataka mazungumzo, au uamuzi wa kuachilia. Fedheha inamtaka mtu mmoja anayekuheshimu akusikilize. Na kutaja kwenyewe kunatuliza: mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwapima watu ubongo wakitazama picha za nyuso, wakaona kuwa anayeitaja kwa neno hisia iliyo usoni, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, inayohusika na hofu, hupungua msisimko.

Fanya zoezi hili dakika 5 kila jioni kwa wiki ya kwanza. Mistari mitatu inatosha.

Hatua ya 2: Anza na mwili, na katika mwili anza na usingizi

Kama una nguvu ya kubadili jambo moja tu, badili saa ya kuamka. Wengi hujaribu kuweka saa ya kulala, lakini usingizi hauamrishwi. Saa ya kuamka unaiweza. Chagua, tuseme, saa 12 asubuhi, na uamke saa hiyo kila siku, hata Jumapili, hata kama usiku ulilala saa 8. Siku mbili tatu za kwanza ni ngumu. Baadaye mwili unaanza kusinzia wenyewe jioni. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Ukiamka tu, toka nje upate mwanga. Saa ya ndani ya mwili hurekebishwa na mwanga wa asubuhi.

Chai na kahawa zisivuke saa 8 mchana. Baada ya takriban saa 5 nusu ya kafeini uliyokunywa ingali mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa 12 jioni bado kinafanya kazi saa 5 usiku. Chai ya rangi inahesabika. Pombe humlaza mtu haraka, kisha humkatia usingizi usiku wa manane, kwa hiyo anayeinywa ili alale anajichelewesha.

Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila usingizi, inuka. Kaa mahali pengine gizagiza, soma kitu kisichosisimua au kunja nguo, urudi ukisinzia. Lengo ni kitanda kisizoee kuwa uwanja wa kuwaza. Najua wengi tunaishi chumba kimoja na kitanda ndicho kiti na meza ya kulia. Basi tandika mkeka sakafuni kwa shughuli za mchana, kitanda kiwe cha kulala tu. Wanaofanya zamu za usiku, walinzi na wauguzi, waweke kanga nene dirishani, wale kidogo wakifika, walale mara moja. Na familia iheshimu usingizi huo kama wa usiku. Si wakati wa kumtuma sokoni.

Mwendo ni wa pili. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokupa joto. Kushuka daladala vituo viwili kabla ya chako, kwenda na kurudi, siku tano, kunaweza kukufikisha. Kuchota maji na kulima vinahesabika pia.

Tatu ni pumzi, kwa zile dakika ambazo moyo unaenda mbio. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6. Rudia dakika 5. Kutoa pumzi ndefu kunapunguza kasi ya moyo. Ukisikia kizunguzungu, unavuta hewa nyingi mno, punguza. Jizoeze ukiwa umetulia, kwa mfano kwenye foleni ya magari, ili siku ya shida mwili uwe umeshaijua njia.

Hatua ya 3: Karatasi ya matatizo

Hapa tunalishughulikia fungu la pili, na nitakaa hapa kidogo maana ndipo watu wengi wanapopata nafuu ya kwanza.

Tatizo likikaa kichwani huwa halina mwisho wala umbo. Liandike jinsi linavyoweza kujibika. "Sina hela" halijibiki. "Kodi ya miezi mitatu ni shilingi 300,000, inatakiwa tarehe 5, nina 180,000" linajibika, maana sasa unatafuta 120,000 au unatafuta muda.

Chini yake andika kila njia inayokujia, hata zile za kijinga. Kuomba wiki tatu. Kumwomba kijumbe wa upatu akubadilishie zamu. Kuuza baiskeli isiyotumika. Kuchukua mkopo kausha damu. Kumwambia kaka. Ziache zote zikae kwenye karatasi kabla hujahukumu yoyote, kwa sababu kichwa chenye hofu kina tabia ya kukataa njia tano ili kibaki na ile mbaya. Kisha futa zitakazoleta shida kubwa kuliko hii. Ule mkopo ufute wa kwanza: nimeona watu wakiingia na tatizo la mwezi mmoja, wakatoka na la mwaka.

Chagua moja, uandike hatua ya kwanza tu, yenye siku na saa: "Kesho saa 3 asubuhi nitamwendea mwenye nyumba, nitampa 180,000, nitaomba wiki tatu." Andika na maneno utakayoanza nayo, hasa kama mtu huyo unamwogopa. Ikishindikana, hujafeli, unarudi kwenye karatasi na kuchukua njia ya pili.

Hatua ya 4: Hofu na ya jana

Hofu zisizo na la kufanya leo zipe saa yake. Chagua dakika 20, mbali na wakati wa kulala, labda saa 11 jioni. Mchana wazo likija, andika neno moja, "mama" au "kazi", na ujiambie utakutana nalo saa 11. Saa ikifika kaa, soma, waza kwa makusudi. Muda ukiisha funga daftari. Mwanasaikolojia Thomas Borkovec wa Marekani na wenzake walilijaribu hili miaka ya 1980 na wasiwasi wa washiriki ukapungua. Usishangae saa 11 ikifika ukakuta nusu ya maneno yamekwisha nguvu.

Ya jana ni mazito zaidi. Kama kuna mtu uliyemkosea na yuko hai, omba radhi, rudisha cha mtu. Kama wewe ndiye uliyekosewa, andika bila kuchuja dakika 15 hadi 20, siku tatu au nne mfululizo, uliyotendewa na ulivyojisikia. Halafu chana karatasi ikiwa nyumbani hakuna siri. Siku ya kwanza unaweza kujisikia vibaya zaidi, na hiyo ni kawaida. Lakini kama ni jambo la kutisha sana, ubakaji au vita, usilifungue peke yako; lipeleke kwa mtaalamu.

Hatua ya 5: Tenda kabla ya hamu

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, huanza kwa kumnyang'anya mtu hamu. Aliyekuwa akiimba kwaya haendi, aliyekuwa akicheza bao kila jioni anapita mbali na kijiwe. Anasema, "nikipata hamu nitarudi". Hamu haiji, kwa sababu ilikuwa inaletwa na kule kwenda. Anakaa ndani, hakuna jema linalomtokea, anazidi kunyong'onyea.

Geuza mpangilio. Panga tendo dogo, ulifanye kwa sababu saa yake imefika. Kila siku weka matatu: moja la kutunza (kufua, kufagia uwanja), moja lililokuwa likikufurahisha, na moja la kukutana na mtu. Yawe madogo hadi uone haya kuyaita kazi. "Nitafua nguo zote" linamshinda mtu aliyechoka roho. "Nitafua mashati mawili" analiweza, na akishalowesha mikono mara nyingi huendelea. Kabla ya kufanya jipe alama kati ya 0 na 10 za unavyojisikia, na baada ya kufanya pia. Tofauti ikiwa ya alama moja tu, hiyo ndiyo unayoitafuta.

Hatua ya 6: Mtu mmoja ambaye "sijambo" haimtoshi

"Hujambo" maana yake huna jambo? Swali zuri sana, ila jibu tumelikariri: sijambo, hata mambo yamefika shingoni. Salamu ibaki hivyo, ni adabu. Unachohitaji ni mtu mmoja mliyekubaliana kuwa kwake kuna swali la pili.

Mchague kwa mambo mawili: hatoi siri, na hakimbilii kuhukumu. Si lazima awe wa damu. Anaweza kuwa somo yako, jirani, mwenzako wa kikoba. Muombe waziwazi: "Dada, nataka tuwe tunakaa kila Jumapili jioni nusu saa. Sihitaji unitatulie, nataka unisikilize, na mimi nikusikilize." Wanaume wanaona ugumu kusema maneno hayo uso kwa uso. Wanaweza kuyasema wakitembea, au wakitengeneza pikipiki, macho yakiwa kwenye kazi. Inafaa vilevile.

Na wewe ukiwa msikilizaji, kumbuka matanga. Kwenye msiba tunajua la kufanya bila kufundishwa: tunakuja, tunakaa mkekani, tunapika, tunalala hapohapo, na hakuna anayejaribu kumtatulia mfiwa kifo. Mfanyie hivyo aliyefukuzwa kazi, aliyeachwa, aliyeharibikiwa mimba. Usimwambie "jikaze", wala "wapo wenye shida kuliko wewe". Muulize, "siku zako zinakwendaje tangu litokee?", kisha unyamaze hadi amalize. Na mfiwa mrudie baada ya arobaini, watu wakishatawanyika. Hapo ndipo ukiwa huingia nyumbani, na hapo ndipo wengi wetu tunakosekana.

Sheikh, padri au mchungaji anayesikiliza ni msaada mkubwa, na sala zina utulivu wake. Anayekutaka uache dawa za hospitali, ufungwe kamba au upigwe ili upone, ondoka kwake.

Simu

Kwa ufupi: isilale kitandani na wewe, usiifungue nusu saa ya kwanza baada ya kuamka, na makundi ya WhatsApp yanayokukera yazimie mlio. Ukijikuta unajilinganisha na mtu kila umwonapo, acha kumfuata kwa mwezi mmoja.

Hatua ya 7: Kujua lini haya hayatoshi

Nenda kituo cha afya ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, una huzuni au umepoteza hamu, pamoja na usingizi kuharibika, kukosa au kuzidisha kula, kujiona huna thamani, kushindwa kazi. Nenda mapema zaidi ukisikia sauti wasizosikia wengine, au umejifungua karibuni na huzuni haiondoki.

Ukifika, usiseme tu "kichwa kinauma". Utapimwa malaria na kurudishwa na panadol. Sema: "Nina wiki tatu silali, sina hamu ya kula, nalia bila sababu, naomba kuzungumza na anayehusika na afya ya akili." Uliza pia kama inafaa kupimwa upungufu wa damu, sukari na tezi ya shingo, maana maradhi hayo nayo huleta uchovu na unyonge. Ukipewa dawa za sonona, nyingi huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Usiache ghafla ukijisikia nafuu, wala usimgawie jirani.

Ukianza kuwaza kifo, usikae peke yako usiku huo. Mwambie mtu kwa maneno yenyewe: "Nawaza kujiua." Dawa ya wadudu na vidonge viondoke nyumbani, akae navyo mwingine. Ukimshuku mwenzako, muulize moja kwa moja. Kumuuliza hakumpandikizii wazo, mara nyingi humpumzisha. Fuatana naye hadi hospitali iliyo karibu. Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure. Kwa mtoto, Tanzania na Kenya, piga 116.

Namna ya kuanza

Usianze yote pamoja. Wiki ya kwanza: saa ya kuamka na mistari mitatu ya jioni. Ya pili ongeza mwendo na karatasi ya tatizo moja. Ya tatu yale matendo matatu. Ya nne zungumza na mtu wako. Ukiruka siku tatu, rudi kwenye saa ya kuamka, mengine yafuate; siku zilizopotea usizilipe.

Usitafute furaha kama kipimo. Tazama kama hamaki inapita upesi kuliko mwezi jana, kama chakula kina ladha, kama unakumbuka ulichoambiwa asubuhi. Mimi nilijua asubuhi moja nikifua mashuka ya mama. Aliniita kutoka ndani, kwa ule ulimi wake uliokuwa bado mzito, akaniuliza naimba wimbo gani. Sikuwa nimejua kuwa naimba.